Mivinje ya marehemu baba, Mwakirunge: nikate yote, nipunguze, ama niiache?

Mvinjeni · 7 Desemba

Hamjambo wenzangu. Uzi huu utakuwa mrefu kidogo, nivumilieni, maana jambo lenyewe lina watu wengi ndani yake.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alifanya kazi bandarini miaka yake yote. Alipostaafu hakufungua duka wala hakununua matatu. Alikwenda Mwakirunge, hapa Mombasa, kwenye kishamba chetu cha ekari moja na nusu akakipanda mivinje. Masika ya 2017 alipanda nusu, masika yaliyofuata akamaliza. Alikuwa na kamba ya katani aliyoifunga fundo kila baada ya mita mbili. Sisi tukienda Jumapili kumsaidia, ilikuwa ni mche mmoja kila fundo. Ndiyo maana miti imesimama safu safu kama watu msikitini. Upande wa bondeni kuna miarobaini kama thelathini iliyojiotea yenyewe, na katikati kuna mwembe mkubwa ambao nitausema baadaye.

Baba ana miaka miwili sasa tangu atutoke, na hakuna mti hata mmoja uliowahi kupunguzwa. Ukiingia ndani saa sita mchana waona kama magharibi imeingia. Miti ya pembeni imenenepa, ya ndani imerefuka tu, myembamba, yakimbilia jua. Chini hakuoti kitu. Ni majani makavu yaliyolaliana, ukikanyaga mguu wazama mpaka kwenye kifundo.

Ndugu zangu wanne wako mbali, wawili Nairobi, mmoja Lamu, mmoja Ghuba. Mimi niko Bombolulu, kwa hivyo shamba nimekabidhiwa mimi. Nafanya kazi mjini Jumatatu mpaka Jumamosi adhuhuri, siku yangu ya shamba ni Jumapili peke yake. Na wezi washaijua ratiba yangu.

Jumapili iliyopita niliteleza kwenye kitu nikadhani ni jiwe. Nikafagia majani kwa mkono. Ni kisiki, kimekatwa kwa msumeno chini kabisa, bado kibichi, chekundu kama nyama, halafu kimetandikwa majani juu yake vizuri. Nikaanza kupekua safu ile yote. Jua linazama nimehesabu visiki 37. Miti iliyobaki imesimama ni 1,143, nimeihesabu mara mbili.

Sasa kaka yangu mkubwa amepata mnunuzi. Ataka kukata yote siku tatu, alipe taslimu, kisha kaka ashauri tupime ploti za 50 kwa 100. Asema msitu huu ni wa kulisha wezi. Na kwa kweli sina la kumjibu, kwa sababu ninalotaka mimi nalijua moyoni tu, sijui kulifanya. Nataka miti itoe pesa na msitu ubaki. Je, yawezekana kwa ekari moja na nusu, ama najidanganya?

---

Fundi_Makuti · 7 Desemba

Dada, pole kwa mzee, na pole kwa visiki. Mie kazi yangu ni mabanda na mapaa ya makuti, Nyali mpaka Shanzu, mwaka wa kumi na tisa huu. Boriti za mivinje nazinunua kila wiki, kwa hivyo nakuambia mambo ya upande wetu.

Usiuze jumla. Mnunuzi akikupa bei ya shamba zima, hesabu yake ameifanya kwa miti minene peke yake. Akiingia ndani macho yake yaenda kwenye nguzo na boriti. Pau na fito zote azipata juu kama nyongeza, naye mjini aziuza moja moja. Nina mwenzangu alikata shamba la mtu kule Kwale, pesa aliyomlipa mwenye shamba aliirudisha kwa lori la kwanza. Malori yalikuwa matatu.

Fanya hivi. Chukua uzi, zungusha mti kwenye usawa wa kifua, kisha tia alama ya rangi: kuanzia nyembamba mpaka nene, rangi moja ya fito, moja ya pau, moja ya boriti, moja ya nguzo. Kwa miti 1,143 ni kazi ya Jumapili tatu, ukiwa na mtoto wa kukushikia kopo la rangi. Ukimaliza, andika kwenye daftari. Mnunuzi akija umsomee wewe, asikusomee yeye. Na mti uliotiwa rangi mwizi huuogopa kidogo, maana ajua umehesabiwa.

Jambo jingine. Boriti menya ganda siku ileile ulipokata, ganda bado laini litoke kama la muhogo. Ukingoja wiki utalia. Panga kivulini juu ya magogo, zisiguse mchanga. Mvinje si mkoko, ukiuchimbia chini hivi hivi mchwa watausherehekea, na mteja akiuona ushaanza kutobolewa akata bei nusu.

---

Kijana_wa_Utange · 8 Desemba

Dada Mvinjeni, nasema kwa heshima. Huku Utange miaka kumi nyuma kulikuwa na mashamba kama lako kila upande, leo ni kuta na mageti. Ardhi ya Mwakirunge yapanda bei kila mwaka, mti wakupa pesa mara moja kwa miaka mitano, sita. Kaka yako hajakosea hesabu. Pia wewe una siku moja kwa wiki, msitu una siku saba. Nani atalala huko? Ukiajiri mlinzi, mshahara wake wamaliza boriti zote.

Kabla hujaamua chochote, mirathi imeshagawanywa? Maana kama hati bado ina jina la mzee, hakuna wa kuuza ploti, si wewe wala kaka.

---

Mvinjeni · 8 Desemba

Kijana wa Utange, asante, na swali lako ni la maana. Mirathi iko mahakama ya Kadhi, haijakwisha. Kwa hivyo ploti haziuzwi leo wala kesho, hata kaka akitaka. Miti ndiyo imekuwa kama pesa iliyo wazi mezani.

Na kuna huo mwembe. Aliupanda babu yake jirani yetu zamani, kabla baba hajainunua ardhi, na kwa ada ya huku kwetu mwajua, ardhi ni ya mtu na mti ni wa mtu. Kila msimu yule jirani huja na watoto wake na kapu, huangua maembe yake, hutuachia ndoo mbili barazani, huenda zake. Baba alipopanda mivinje aliuzungushia nafasi hatua kumi kila upande ili usizibwe jua. Mnunuzi alipokuja aliuliza mwembe ule ni bei gani. Hapo ndipo nilipojua huyu mtu hafai kuachiwa panga.

---

Mstaafu_Misitu · 9 Desemba

Mwanangu, nimefanya kazi ya misitu miaka 31, zaidi yake Kwale na Kilifi. Nimesoma ulichoandika mara mbili na jibu langu ni kwamba yawezekana, ila umechelewa kidogo, kwa hivyo sasa yataka upole.

Ekari moja ni mita mraba 4,047. Ukipanda mita mbili kwa mbili yaingia miti kama 1,000. Nafasi hiyo yatosha mvinje mdogo, mwaka wa tatu wa nne hivi. Baada ya hapo yaanza kubanana juu na mizizini. Marehemu alipanda vizuri, ila safu zile zilikusudiwa zipunguzwe mapema, zitoe fito na pau, zibaki za boriti na nguzo. Sasa una msitu wenye njaa.

Jambo la kwanza, usiondoe nusu kwa mkupuo. Najua kuna mtu atakuambia toa mti mmoja acha mmoja. Miti ya ndani imeegemeana miaka minane, haijawahi kupigwa na upepo peke yake, na huko Mwakirunge ukichimba kidogo wakuta mawe. Mizizi imetandaa juu juu. Ukiifungua ghafla, kusi likianza mwezi wa Aprili utaikuta imelala chini upande mmoja yote. Toa theluthi moja tu, tena kwa kuchagua. Theluthi yako ni miti 381. Igawe: 200 sasa wakati wa kaskazi, iliyobaki mwakani. Na safu mbili za nje upande wa kusini usiziguse kabisa, hizo ndizo ukuta wako.

Cha kutoa: mti uliopinda, mti wenye pacha, mti wenye kidonda, na ule uliofunikwa na wenzake kichwani, ambao hata ukiuachia nafasi leo hautanyanyuka tena. Cha kuacha: ulionyooka, wenye kichwa kizima. Moyo utakuambia ukate minene kwa sababu ndiyo ya pesa. Ukiikata hiyo wabaki na mashada ya fito na mbegu mbaya. Kata michache minene kwa ajili ya gharama, uliyoichagua kwa jicho, basi.

Alama zitie siku moja kabla ya kukata, wewe mwenyewe. Usimwachie mwenye msumeno achague. Siku ya kukata, mti mmoja mmoja, kamba ifungwe juu kidogo ya nusu, pengo likatwe kwanza upande wa kuangukia, ndipo mkate nyuma. Mvinje uliokulia kwenye msongamano haudondoki, hukwama kwa jirani yake. Hapo ndipo watu huumia. Mti uliokwama usipitwe chini yake hata kwa sekunde.

La pili, mvinje huu wetu hauchipui vizuri kwenye kisiki. Si kama mwarobaini, ukiukata leo keshokutwa una machipukizi kumi. Kwa hivyo kila mvinje unaokata, huo ushakwenda. Kama wataka msitu ubaki lazima upande, na mche wa mvinje hautaki kivuli. Usiusukume kwenye upenyo mdogo kati ya miti mikubwa, utakufa kwa kiu ya jua. Fungua uwazi mmoja mahali penye miti mibaya mingi, upana wa nyumba, upande hapo. Kivulini kama watamani kitu, weka mbambakofi, ni mti wa kwetu. Huo utawafaa wajukuu.

---

Bi_Mtongwe · 9 Desemba

Mwanangu Mvinjeni, wataalamu wamesema ya miti, mie nakwambia ya watu.

Nina msitu mdogo Mtongwe, robo tatu ekari, miarobaini na mivinje na mikorosho. Mume wangu aliniachia. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa mkali. Akina mama wa pale mtaani walikuwa wakija kuokota kuni, nikawafukuza. Nikaweka miba. Nikamweka kijana na fimbo. Mwaka ule niliibiwa miti kuliko miaka yote, na kila nikiuliza, hakuna aliyeona wala kusikia. Msumeno walia usiku mzima na hakuna aliyesikia!

Siku moja mmoja wao, mtu mzima kunizidi, akaniambia, "Bibi wewe, ulitufunga macho mwenyewe." Sikulala usiku ule. Kesho yake niliwaita barazani, nikachemsha chai, tukakubaliana. Jumanne na Ijumaa asubuhi waingie. Kavu iliyoanguka yote ni yao, bichi haiguswi, panga haliingii, kamba tu ya kufungia mzigo. Wakiona kisiki kipya wanipigie simu siku ileile. Wako kumi na moja. Wajua kila mti. Mara ya mwisho kuibiwa ilikuwa mti mmoja, na kabla adhuhuri nilishajua umepelekwa wapi.

Wewe una Jumapili. Wao wana Jumanne na Ijumaa. Na kuni zile zikiondoka moto nao wakosa chakula. Mie moto naujua. Februari moja jirani alichoma magugu ya shamba lake akaenda kula. Moto wa majani ya mvinje hauonekani, waenda chini kwa chini, juu waona moshi mwembamba kama wa ubani. Nilikuwa nimevaa kandambili. Nilipozima mbele yangu niligeuka nikakuta unatokea nyuma yangu. Soli zimeyeyuka. Tangu siku hiyo nafagia njia hatua nne kuzunguka shamba zima kila mwezi wa Desemba, mpaka mchanga uonekane. Fagia mwezi huu, usingoje mwaka mpya.

---

Mpishi_wa_Harusi · 10 Desemba

Nimepita kusoma tu lakini hapo kwenye kuni sina budi niseme. Sisi tunaopika pilau na biriani za watu mia tano, mia sita, kuni za mvinje twazitafuta sana. Zawaka hata hazijakauka vizuri, moto wake mkali na haurukaruki. Vichwa vya miti na matawi manene, vile mafundi huacha shambani, usivichome wala usivitoe bure. Kata urefu wa mkono, panga. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani ndio wakati wa harusi nyingi, sote twahangaika. Nitumie ujumbe, nitaleta pikapu mwenyewe.

---

Mwana_Jomvu · 10 Desemba

Nataka kuongeza la sheria kwa sababu hapa ndipo watu huponzwa. Mimi niko kwenye kikundi cha kupanda mikoko huku upande wa Jomvu, mto wa Tudor. Watu huchanganya mambo mawili. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali, tangu 1932 ilipotangazwa hifadhi. Hata kama shamba lako lafika majini, mkandaa, ambao ni aina ya mkoko, ulio mbele ya mlango wako si wako. Mvinje uliopanda kwenye ardhi yako ni wako. Lakini ukishaupakia kwenye gari kuingia barabarani, wahitaji kibali cha kusafirisha cha KFS, shirika la serikali la misitu. Anza kwa chifu, uwe na barua na uthibitisho wa shamba, halafu ofisi ya misitu waje waone miti kabla haijakatwa. Kwa wewe, ambaye mirathi haijakwisha, nenda na barua yenye sahihi za ndugu zako wote wanne.

Na mnunuzi akileta lori, tazama ndani kabla hamjapakia. Kuna waliowahi kuficha boriti za mikoko chini, wakapanga za mivinje juu, kibali kikawa cha mivinje. Likikamatwa, jina lililo kwenye kibali ni lako.

Dada, mimi nakuombea usikate yote. Boriti ya mvinje ikipatikana madukani, ni mkoko mmoja umepona. Tulipoteza mingi Mwache mvua za El Niño za 1997 na 1998, udongo ulishuka kutoka bara ukaifukia mizizi, na mahali pengine mpaka leo ni tope tupu. Kila mtu anayepanda mti wa boriti shambani kwake ametusaidia sisi wa majini, hata kama hakujua.

---

Kijana_wa_Utange · 11 Desemba

Sikujua hayo ya Mwache. Swali moja kwa Mzee Mstaafu: si husemwa mivinje yaharibu ardhi? Kwamba pakishapandwa mivinje hapaoti tena mahindi?

---

Mstaafu_Misitu · 11 Desemba

Mjukuu wangu, nenda pale Bamburi, Haller Park, utazame kwa macho. Pale palikuwa shimo la machimbo ya saruji, mwamba wa matumbawe mtupu, hapana hata kiganja cha udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti. Alijaribu aina 26, zilizostahimili ni tatu: mvinje, mnazi na konokapasi (Conocarpus). Mvinje ndio uliobeba kazi. Una vijidudu kwenye vinundu vya mizizi vinavyoipa nitrojeni kutoka hewani, kwa hivyo huota penye ufukara ambapo mingine yafa.

Lakini ni kweli majani yake hayaozi upesi, yana tanini nyingi. Haller alikwama hapohapo, majani yalijaa juu ya mwamba hayawi udongo. Aliyemtoa ni jongoo. Aliwaona majongoo wenye miguu myekundu wakiyala, akawaleta wengi, kinyesi chao ndicho kikawa mwanzo wa udongo. Leo kuna msitu pale na wanyama.

Kwa hiyo Mvinjeni, ukikuta majongoo shambani kwako usiruhusu mtu awamwagie dawa. Na ukipunguza miti, jua na mvua vitafika chini, nao wataongezeka.

Jambo la miche nililisahau. Otesha mwenyewe, ni rahisi. Vuna vitunda vya mti ulionyooka, vikiwa vyaanza kuwa kahawia, vianike juu ya gazeti penye kivuli, siku chache vitafunguka na mbegu zitamwagika zenyewe. Ni ndogo na nyepesi, usianike penye upepo. Zisie mapema, zikikaa miezi hazifai. Maadui ni sisimizi, hubeba kitalu kizima usiku mmoja. Nyanyua tuta juu ya meza na miguu ya meza uitie kwenye makopo ya maji. Kisha, na hili usilipuuze, udongo wa viriba uuchanganye na koleo mbili za udongo uliochotwa chini ya mivinje mikubwa, pale kwenye mizizi. Ndani yake kuna vile vijidudu. Mche usiovipata hukaa wa manjano.

---

Mvinjeni · 12 Desemba

Sina namna ya kuwashukuru. Nimekopi kila kitu kwenye daftari. Bi Mtongwe, maneno ya "ulitufunga macho" yameniingia sana, kwa sababu na mimi nimewahi kumfukuza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nitaanzia hapo.

---

Mvinjeni · 1 Machi

Salamu tena. Nimewakawiza, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Desemba tulifagia njia ya moto, mimi na watoto wa jirani mwenye mwembe. Hatua nne kuzunguka. Ilichukua Jumapili mbili na migongo yetu yote. Yule mama niliyemfukuza nilimtafuta mpaka kwake nikamuomba radhi. Hakusema mengi, alinitazama, akaniuliza siku zipi. Sasa wako saba, Jumanne na Ijumaa. Tarehe 14 Januari saa moja asubuhi simu ililia niko kwenye matatu Kongowea: kuna visiki vitatu vibichi na alama za mkokoteni. Mzee wa mtaa aliufuata mkokoteni ule. Boriti tatu zilirudi. Tangu hapo, hakuna kisiki nisichokijua.

Ndugu zangu tulizungumza kwa simu usiku mmoja mrefu. Niliwasomea daftari: fito 402, pau 388, boriti 291, nguzo 59. Hizo ni 1,140, zile tatu ndizo zilizoibiwa Januari. Kaka alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza mnunuzi wake alikuwa ameziona fito ngapi. Nikamwambia, hakuuliza fito hata moja. Siku ya tatu alinitumia sahihi yake kwa ajili ya barua ya ofisi ya misitu.

Tulikata 196, si 200, kwa sababu nne zilikuwa zimeegemea upande wa mwembe na sikutaka kujaribu. Fundi Makuti alikuja mwenyewe na vijana wake, bei aliyonipa niliilinganisha na watu wawili na ilikuwa ya haki. Mti mmoja ulikwama kama Mzee alivyosema. Uliegemea mwenzake, ukatulia, na kila mtu akataka kwenda kuutikisa. Niliwakataza. Tuliuvuta kwa kamba kutoka mbali watu sita na ulipoanguka ulipinda ukapita palepale kijana alipotaka kusimama. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno.

Vichwa na matawi Mpishi alibeba pikapu mbili na nusu. Pesa ya kuni peke yake ililipa wakataji na mkutano wa chai wa akina mama. Pesa ya boriti tumeigawa kwa ndugu watano kama ulivyo mgao wa mirathi, sehemu ndogo imebaki ya shamba. Si nyingi. Kaka yangu bado asema ploti ni pesa zaidi, na nimemwambia hajakosea. Ila ametaka nimpigie picha ule uwazi tulioufungua, nami nimempigia.

Jua laingia sasa. Wiki ya pili tu niliona vijani vidogo vimeanza kwenye majani makavu, na majongoo wapo, Mzee. Wengi. Nimewaonyesha watoto wasiwakanyage.

Nina miche 240 juu ya meza, miguu yake iko kwenye makopo ya maziwa. Kumi hivi ni ya manjano, ni ile ya mwanzo niliyoitia kabla sijachanganya udongo wa chini ya miti. Nangoja mvua za Aprili. Kamba ya baba nimeipata kwenye banda, panya wameila upande mmoja, imebaki na mafundo kumi na manne. Fundo la mita mbili sitalitumia, nataka mita mbili na nusu. Nitafungua yote nifunge upya.

Swali langu la leo ni la nyuki. Bi Mtongwe uliwahi kunitumia ujumbe kwamba una mizinga kwenye mpaka wa shamba lako. Mvinje una maua ya kulisha nyuki?

---

Bi_Mtongwe · 1 Machi

Mashallah mwanangu, Mungu akubarikie mikono. Mvinje hauna asali ya kuwapa nyuki, maua yake ni ya upepo. Lakini una miarobaini bondeni, una ule mwembe, na kama mto uko karibu nyuki wataifuata mikoko, mchu una asali nzuri sana. Tundika mizinga miwili tu kwanza, upande ule mkokoteni ulipopitia, juu ya kichwa cha mtu, isielekee njia ya akina mama. Waambie kabla hujaitundika. Na jirani wa mwembe naye mwambie, asije akapanda kuangua maembe bila habari.

Nina mzinga mmoja mtupu wa ziada. Njoo Jumamosi adhuhuri ukitoka kazini, vuka feri, nitakungoja ng'ambo.